Neno Aliloniambia Bibi Siku ya Matanga

Nilipokuwa na miaka tisa, kijijini kwetu kando ya reli, si mbali na Gulwe, tulikatazwa mambo mengi, lakini hakuna lililokatazwa kwa ukali kama kukimbilia kisulisuli. Kiangazi upepo ule uliinuka ghafla uwanjani, ukazungusha vumbi na majani makavu, ukaenda zake. Bibi, mama yake baba, alitushika mikono mpaka upite.

"Humo ndani maradhi yanatembea," alisema. "Ukiyaingilia, umeyaleta nyumbani."

Siku moja nikaingia. Nilikuwa natoka kuchota maji na rafiki yangu, tukashindana nani ataweza kusimama katikati. Nilitoka na mchanga mdomoni, nikicheka. Bibi aliniona. Hakunipiga. Alinipaka majivu kwenye paji la uso.

Hazikupita siku nne, nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Tulilala watu saba kwenye tembe moja, nyumba ya udongo yenye paa bapa, madirisha madogo kama ngumi, moshi wa jiko humo humo. Sisi wengine tulipona. Yona, mdogo wangu, hakuwa ametimiza miaka miwili. Alianza kupumua haraka haraka, mbavu zikibonyea, na baba alipopata baiskeli ya kumpeleka hospitali alikuwa hanyonyi tena. Walirudi naye amefunikwa kanga.

Siku ya matanga Bibi alinitazama, akasema, "Nilikukataza."

Hakulirudia tena mpaka anakufa. Lakini mtoto haambiwi mara mbili neno la namna hiyo. Nimesoma, nafundisha shule ya msingi huku Zuzu, najua mafua husafiri kwa pumzi na mikono ya watu. Kichwa kilijua. Moyo uliendelea kuamini kwamba mimi ndiye niliyemuua Yona.

Chanjo ya korona ilipofika kwenye zahanati yetu, mama alikuwa anaishi nami. Ana kisukari, na umri umekwenda. Akakataa katakata.

"Wanasema sindano ndiyo inayoleta ugonjwa wenyewe. Niache nife kwa wakati wangu."

"Mama, nimeshaleta ugonjwa nyumbani mara moja," nikasema. Sikujua kama neno hilo lingenitoka. "Sileti tena. Kama kuna njia ya kuuzuia, nitakubeba mgongoni nikupitishe."

Aliweka chini ungo wa mchele. "Ulileta ugonjwa gani wewe?"

Nikamweleza kisulisuli, majivu na lile neno la Bibi. Mama akanivuta nikae kando yake.

"Mwanangu, bibi yako alirudi kutoka msiba wa kijiji cha pili akikohoa. Siku tatu alimbeba Yona mgongoni, akimtafunia chakula, kabla wewe hujaingia kwenye upepo wowote. Mimi niliona. Naye alijua. Ningesemaje mbele ya mama mkwe, na yeye analia kuliko mimi?"

Nililia nikiwa mtu mzima, mwenye watoto. Mama akafunga kanga yake vizuri. "Twende huko zahanati. Lakini nitamuuliza huyo nesi mwenyewe."

Alimuuliza kweli. Nesi, dada mdogo mwenye subira, alimwamkia shikamoo kwanza, kisha akasema, "Mama, chanjo hii haina korona ndani yake. Inaufundisha mwili kuitambua mapema. Mkono unaweza kuuma, homa ya siku moja mbili ikaja, ikapita. Korona bado unaweza kuipata, ila hatari ya kulazwa hupungua sana, hasa kwa mwenye sukari kama wewe."

"Na mafua yale yanayoua watoto?" Mama akauliza.

"Yana chanjo yake, mbali na hii. Virusi vyake hubadilika, kwa hiyo huchanjwa upya kila mwaka. Hapa hatuna. Ulizeni hospitali kubwa."

Mama akanyoosha mkono. Nami nikakunja mkono wa nguo yangu, nikingoja zamu nyuma yake. Usiku ule alipata homa kidogo, akanywa uji, asubuhi akapepeta mchele wake.

Simlaumu Bibi. Alimpenda Yona, na hakuwa na jina la kile kilichomchukua. Akashika kilichokuwa karibu, nami ndiye niliyekuwa karibu. Mimi jina ninalo. Nyumbani kwangu mtoto akiugua, hakuna anayeulizwa amefanya kosa gani. Tunafungua madirisha, tunanawa, anayekohoa habebi mtoto. Na kila mwaka naenda hospitali kuuliza kama chanjo ya mafua imefika. Wakiniambia bado, nauliza nirudi lini.