Kisahani cha Meno Kumi na Matano

Goti langu la kulia lilianza kuvimba mwezi wa pili baada ya kuhamia Kampala. Nilikuwa nimepanga chumba juu ya kilima cha Muyenga, na kazi zangu za kupaka rangi nyumba zilikuwa mabondeni, kwa hiyo kila jioni nililazimika kupanda. Mhudumu wa zahanati alilibonyeza goti, akaniambia nikanyage gia nyepesi au niache baiskeli.

Nimehama miji mingi, na vitu vyangu vingi nimeviacha njiani. Baiskeli sikuiacha. Niliinunua nikiwa bado kijana, nikaiendesha miaka kadhaa kwenye tambarare za Igunga, ambako mtu anaweza kukanyaga asubuhi nzima bila kugusa gia. Nilijiwekea sharti: nikishindwa kupanda Muyenga nikiwa nimekaa kwenye tandiko, naiuza.

Niliipeleka kwa fundi mmoja Mkongo aliyekuwa na kibanda Namuwongo, karibu na reli. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kufungua chochote aliinua gurudumu la nyuma, akapitisha kidole gumba kwenye kaseti, yaani lile rundo la visahani vyenye meno ambavyo mnyororo huhamia kimoja baada ya kingine. Kisahani kikubwa huupa mguu nafuu na kupunguza mwendo; kidogo hufanya kinyume chake. Vyangu vilikuwa vinane. Kidole chake kilisimama kwenye cha tatu kutoka nje, chenye meno kumi na matano.

"Papa, ulikaaka fasi ya tambarare," alisema.

"Umejuaje?"

"Hiki kimeisha. Vingine viko vizima. Ulipendaka kimoja tu."

Meno ya kile kisahani yalikuwa yamelika hadi yakachongoka kama ya papa wa baharini. Nilikumbuka barabara ya vumbi kwenda Nzega, na mlio wa mnyororo ukiwa palepale, saa baada ya saa.

Alinieleza kwamba kisahani changu kikubwa, cha meno ishirini na manane, hakitoshi kwa mlima. Kilihitajika cha thelathini na nne, na kwa kuwa nafasi ni nane tu, kimoja lazima kitoke. Alinituma Nateete, kwa mama mmoja Mnubi aliyeuza vipuri vya mitumba.

Yule mama alinisikiliza nikieleza, kisha akainua mkono, akaniita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, Kiswahili yako ndefu kama treni. Sema tu unataka nini."

"Kaseti yenye kisahani cha meno thelathini na nne."

"Ya kupanda mulima? Na tumbo hiyo?"

"Sina tumbo, mama. Ni goti."

"Basi ni uzee. Uzee sina dawa yake hapa." Lakini alichimbua kwenye gunia, akanitolea kaseti yenye mafuta meusi, nzima kabisa.

Kaseti za aina hiyo hufungwa kwa pini nyembamba zinazopita kwenye visahani. Ukitaka kuchanganya mbili, lazima usage vichwa vya pini kwenye jiwe la kunolea. Jiwe la fundi lilizungushwa kwa pedali na mnyororo, na sheria ya kibanda ilikuwa kwamba mteja ndiye anayekanyaga. Nilikanyaga kwa mguu wa kushoto. Kila baada ya mizunguko michache mnyororo uliruka na jiwe likakwama.

"Nilikosea," fundi alisema, akionyesha mnyororo wa jiwe. "Meno ya zamani, nikawekea cheni mpya. Haviwezane."

Vichwa vya pini vilipoisha, tulivipanga visahani juu ya gazeti. Alitoa changu cha meno kumi na tatu, akaongeza kile cha thelathini na nne, akarudisha pete za kutenganisha katikati kwa unene uleule ili gia zisikosane. Mnyororo wangu ulikuwa mfupi kwa kisahani kikubwa, kwa hiyo ulihitajika mpya. Halafu akachukua kisahani cha kumi na tano kutoka kwenye kaseti ya Nateete, ambacho kilikuwa kizima, akakiweka mahali pa changu.

Nilikirudisha pembeni.

"Weka changu."

"Papa, cheni ni mpya."

"Nimeelewa. Weka changu."

Alinitazama, akatazama jiwe lake, akatazama tena kisahani. "Kinga ni yako," alisema. Baiskeli kwao ni kinga. Akakiweka.

Nilitoka kibandani saa kumi alasiri. Sikufika mbali. Mkono wangu ulichagua kisahani cha kumi na tano wenyewe, kwa mazoea, na nilipofika relini nilisimama juu ya pedali ili nivuke. Mnyororo uliruka. Mguu ulishuka bila kitu cha kuuzuia, na goti la kulia likagonga usukani. Nilikaa chini kando ya reli. Mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi aliniletea maji ya kuoshea uchafu, akasema pole, akarudi kwenye jiko lake. Niliisukuma baiskeli hadi juu kwa mguu mmoja na nusu.

Sikuipanda kwa siku kumi na moja. Katika siku hizo nilifikiria kumtafuta mnunuzi. Mtu wa chumba cha pili alikuwa ameshaiulizia.

Uvimbe ulipopungua niliipeleka tena Namuwongo. Fundi alifungua kaseti, akatoa kisahani changu, akaweka kile cha Nateete. Kisha akanyoosha mkono ndani ya kopo na kutoa mnyororo wangu wa zamani, uliokuwa bado umekunjwa.

"Hivi vimezeeka pamoja," alisema. "Nipe mimi."

Nilimpa. Alifungua jiwe lake, akatoa meno ya zamani na mnyororo mpya, akafunga kisahani changu na mnyororo wangu, akaupunguza urefu. Akaniamuru nikanyage. Nilikanyaga kwa mguu wa kushoto, kwanza polepole, halafu kwa nguvu. Jiwe lilizunguka bila kukwama, na mlio ulikuwa uleule wa barabara ya Nzega, ila tulikuwa hatuendi popote.

Jioni ile nilipanda Muyenga. Kwenye kona ya pili nilihamia kisahani cha thelathini na nne. Watu waliotembea kwa miguu walinipita, na mwenye bodaboda mmoja aliniuliza kama nimelala. Sikuinuka kwenye tandiko. Juu kabisa, nje ya geti, jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa amesimama akinisubiri.

"Unaiuza lini?" aliuliza.

"Siuzi," nilisema, nikashuka.