Nyoka wa Kwenye Karatasi

Damu yenyewe ilikuwa matone mawili tu, kwenye kidole cha shahada. Nilisimama katikati ya michai nikauliza kwa sauti, "Huyu ndiye ameniuma? Huyu?" Nilikuwa nimemwona. Mkia wake niliutazama kwanza, umetulia tuli, ndipo nikapeleka mkono.

Wiki moja kabla ya hapo, msimamizi wetu alirudi kutoka semina Kericho mjini, akabandika karatasi ya rangi kwenye banda la kupimia majani. Nyoka amejikunja, mkia juu, una vipande vipande kama njuga. Akatuita wachumaji wote.

"Mnaona? Nyoka wa sumu analia na mkia. Asiyelia, mwacheni, endeleeni na kazi."

Mama mmoja wa mstari wangu akamuuliza, "Na hawa wetu wanene, wanaolala tu?"

"Mama, wewe ulisoma mpaka wapi? Hii imechapishwa!"

Watu wakamcheka. Na mimi nilicheka, niliyeachia darasa la nne.

Na nilijua. Mamangu alinionyesha kifutu nikichunga ng'ombe huko Sotik: mnene kama mkono, mkia mfupi, kichwa kipana, mgongoni mistari kama mishale imepangwa mmoja nyuma ya mwingine. Ukimkaribia anapumua kama gurudumu linalotoa upepo. Hakukimbii. "Asiyekukimbia," alisema mamangu, "mkimbie wewe." Lakini karatasi ilikuwa na rangi, na maneno ya mamangu hayakuandikwa popote.

Asubuhi ile fimbo yangu ya kusawazishia michai ilianguka kwenye matawi yaliyokatwa. Nyoka alikuwa hapo kando. Akapumua, fsss. Nikasema moyoni, halii na mkia huyu. Nikainama kuiokota fimbo, akaniuma.

Nilimkimbilia msimamizi nimeshika mkono.

"Alilia na mkia?"

"Hapana."

"Basi huyo ni wa bure. Funga leso, rudi kwenye mstari."

Nikarudi! Mpaka leo jambo hilo linanishtua kuliko meno ya nyoka. Nilichuma na mkono unaofura, mpaka leso ikazama ndani ya nyama, nikaanguka juu ya majani. Akina mama wa mstari wangu ndio walionipakia kwenye pikipiki.

Hospitalini nilimweleza daktari habari ya karatasi, akashika kichwa. "Mama, huyo mwenye njuga ni wa Amerika. Kenya hii hayuko." Wakakata kidole cha shahada na nusu ya gumba. Mchumaji yeyote anajua jani linachumwa na vidole gani.

Juzi nilipita bandani. Karatasi bado iko ukutani, na wasichana wapya wanaisoma.

Wewe msimamizi uliyeibandika, na wewe mwenye shamba uliyeiona ukapita: njooni msimame chini ya hiyo picha, mbele ya wachumaji, mtuambie ni nani kati yenu aliyewahi kumwona nyoka huyo katika michai yetu. Mkishajibu, mmoja wenu aing'oe kwa mkono wake. Vidole mnavyo.