Mita Sabini za Waya kwa Harusi ya Hemali

Nitin alizaliwa Kisumu, akajifunza kazi ya umeme Nakuru, na kwa miaka thelathini na minane amekuwa akitoboa kuta za watu wa Queensbury, huko ughaibuni. Nimekaa na mafundi katika miji mingi, kutoka Lubumbashi hadi Muscat. Sijaona mwingine anayekagua skrubu ya mwenzake kila mara, hata ya mtu anayempenda.

Binti yake Hemali alipoamua kuolewa ndani ya hema kwenye uwanja wa kriketi, Nitin alikataa katakata kukodi kampuni.

"Mtoto wangu aolewe kwa umeme wa mtu mwingine?"

Jenereta ingekaa kando ya hema. Mita kumi tu za waya wa milimita nne za mraba zingeufikisha umeme kwenye soketi ya kuupokea, na kwa ampea thelathini na mbili waya huo ungetosha. Jumamosi saa tatu asubuhi kila kitu kilikuwa kinawaka. Kuhani alikuwa ameshatafuta saa ya heri: saa tano na dakika kumi, Nitin auweke mkono wa binti yake katika mkono wa bwana harusi. Si kabla, si baada.

Kisha akaletwa farasi, maana bwana harusi wa Kigujarati haji kwa miguu. Farasi mwenyewe, jike jeupe lenye shanga shingoni, alisikia jenereta ikinguruma, akalaza masikio, akarudi kinyumenyume hadi kwenye meza ya sambusa.

"Baba Hemali!" Madhu, mke wa Nitin, alipiga kelele. "Ondoa hicho kitu chako!"

"Farasi atazoea."

"Hujaoa farasi wewe. Ondoa!"

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuihamishia jenereta, nyuma ya banda la vifaa, mita sabini kutoka hemani. Victor, Mkenya wa Kakamega ambaye ni mwenzake kazini, alianza kuunganisha waya zaidi wa milimita nne.

"Wacha, Victor."

"Kwani ampea zimeongezeka, mzee?"

"Ampea ni zile zile, safari ndiyo imekuwa ndefu. Mzigo ukijaa, vyombo vyote vikiwaka, volti ishirini na saba kati ya mia mbili thelathini zitapotea njiani. Taa zitafifia, spika zitakoroma, chai itachelewa kuchemka."

"Wahindi mia tatu bila chai? Watarudi na zawadi zao."

"Basi lete ule wa milimita kumi. Huo utapoteza kama volti kumi, nazo tunaweza kuzivumilia."

Waya huo ulikuwa nyumbani kwa Victor, mtaa wa Neasden. Aliporudi ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Jenereta ikazimwa, ikasukumwa hadi nyuma ya banda. Nitin, na hariri yake ya dhahabu, alipiga magoti kwenye nyasi akaanza kumenya ncha za waya. Ulikuwa mnene na mkaidi kuingia kwenye plagi.

"Saa tano na dakika sita!" Madhu aliita.

Nyaya zilikuwa zimeingia, lakini skrubu bado. Nitin aliitazama bisibisi mkononi mwake, kisha akamkabidhi Victor.

"Kaza. Halafu kaza tena. Halafu pima kabla ya kuweka mzigo."

"Miaka kumi na mmoja nakaza, nawe unakuja nyuma yangu kukaza upya. Nenda ukaoze mtoto, bwana!"

Alikimbia. Alifika jukwaani akihema, magoti yakiwa ya kijani kwa nyasi, na Hemali akamnong'oneza kwa Kiingereza kwamba leo, tafadhali, asizungumzie umeme. Kuhani aliinua kidole. Nitin akauchukua mkono wa binti yake, akauweka katika mkono wa kijana. Wakati huohuo taa zote zikawaka, na muziki ukaruka kutoka kwenye spika.

Kuhani alingoja muziki upunguzwe, kisha akafungua kinywa ili aendelee. Nitin alijikaza, akashindwa, akageukia mlango wa hema, ambako Victor alikuwa amefika mbio na kipimo mkononi.

"Volti ngapi?"

"Mia mbili ishirini na nne, mzee, na mzigo juu yake!"

Hema zima liliangua kicheko. Hemali alicheka hadi kuhani akalazimika kumsubiri. Nitin hakwenda kukagua skrubu. Aliweka kiganja chake juu ya mikono ya wale wawili, akakiacha hapo.