Mpini Uliopigwa Msasa

Mdogo wangu alinikabidhi ile fimbo ya kuvulia mbele ya watu, siku tulipokaa kugawa vitu vya marehemu baba, na nilipoushika mpini wake nilitaka kumtandika nayo kichwani. Nasema kweli. Watu wa kanisa walikuwepo, mashangazi walikuwepo, chai ilikuwa inamiminwa, nami nilikuwa natafuta mahali pa kumpiga.

Mpini ulikuwa unang'aa. Alikuwa ameupeleka karakanani kwake hapa Voi, anakotengeneza vitanda na makabati, akausaga kwa mashine ya msasa hadi ukawa mviringo na sawasawa kama mchi, kisha akaupaka vanishi.

"Nimekutengenezea, dada," akasema, uso umejaa furaha. "Ulikuwa umebonyea-bonyea vibaya."

Umebonyea-bonyea! Ngoja nieleze kubonyea huko kulitoka wapi.

Baba alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye mashine ya kuchakata mkonge. Ikamla mkono wa kulia. Ikamwachia gumba, kidole cha shahada, na kipande cha kidole cha kati. Kibarua kikaisha siku hiyohiyo, maana aliyewahi kuona kibarua wa mkonge akibembelezwa ni nani? Akahamia kijiji cha Mata, akalima, akaoa, na mkono ule akaufanya siri. Njiani ulikaa mfukoni. Kanisani aliufunika kwa kofia. Nyumbani mama akaweka sheria: mkono wa baba hautazamwi. Ukiutazama wakati wa kula, unakula kofi, hata kama tonge liko mdomoni. Mimi niliyala mengi. Niliichukia sheria hiyo nikiwa mtoto na naichukia hadi leo. Mtu anaumizwa na mashine, halafu yeye ndiye anayeona haya, na watoto wake wanapigwa kwa sababu wana macho.

Kitu kimoja tu kilimtoa baba nyumbani akiwa na furaha, nacho ni kuvua samaki Ziwa Jipe. Lakini fimbo yake ilikuwa ya mwanzi, na mwanzi ni mwembamba na unateleza, na kadiri alivyozeeka ndivyo ulivyozidi kumchoropoka. Siku moja samaki akaondoka na fimbo nzima, ikapotelea kwenye matete, na watu waliokuwa ukingoni wakacheka. Baba akarudi nyumbani, akaketi nje akiitazama barabara, na hakwenda tena ziwani. Kila nilipopanda gari kwenda kuwasalimia nilimkuta kwenye kiti kilekile, mkono mfukoni, amepungua. Mama alisema ni uzee. Uzee gani? Alikuwa anakufa kwa aibu, na sisi sote tulikuwa tunampisha afe kwa adabu.

Mimi nafua mashuka kwenye hoteli ya wageni wanaokuja kuona tembo. Siku moja, nikitandika vitanda kwa zamu ya mwenzangu aliyekuwa mgonjwa, nilikuta fimbo ya kuvulia ya mgeni juu ya kitanda. Mpini wake ulikuwa wa kitu kilekile cha vizibo vya chupa za mvinyo, vile tunavyofagia kila asubuhi. Nikaushika. Ulikuwa mnene, mwepesi, haukuteleza hata kwa mkono wangu wenye sabuni. Kuanzia siku hiyo nikaanza kuokota vizibo.

Mlinzi wa getini akapekua mfuko wangu. "Mama wa kanisa, kumbe hizi chupa zote unamalizanga peke yako?" Nikamwambia anuse mdomo wangu kama ana shaka, na akimaliza aende akanuse wa kwake. Hata hivyo maneno yakafika kwa akina mama wa kanisani kabla sijafika mimi, na wako ambao hadi leo wananiangalia kwa huruma.

Sikuwa na vifaa vya maana. Kisu cha kukatia sukuma wiki, gundi ya mbao, msasa, vipande vya tyubu ya baiskeli, na tupa ya duara niliyoiomba kwa mdogo wangu. Alinipa bila kuuliza ni ya nini. Nilikipasua kizibo kwa urefu, nikachimba upande wa ndani kwa tupa mpaka kikae juu ya mwanzi mpya, nikakipaka gundi, nikakifunga kwa tyubu kikauke. Kisu kikiwa butu, kizibo kinamong'onyoka kama mkate mkavu. Nilivitukana. Vingine vilikuwa vya plastiki vilivyopakwa rangi ya udanganyifu, navyo nilivitukana zaidi. Unga uliodondoka niliuchanganya na gundi, nikaziba nao nyufa.

Nikampelekea baba mpini wa mviringo, mzuri kabisa. Akaushika, ukazunguka mkononi, ukamtoka. Akanirudishia.

"Baba, lete mkono nipime," nikasema.

Akanipa wa kushoto.

"Ule mwingine."

Mama akatokea jikoni. "Wewe! Una wazimu?"

"Ndio, mama, nina wazimu. Nipige basi. Lakini sitoki hapa."

Hakunipiga. Labda aliona kwamba ningemshika mkono wake pia. Nikaingia jikoni nikachukua ugali uliobaki, umepoa, mgumu, nikaukanda kuuzunguka mwanzi mwingine, nikaketi miguuni pa baba nikiushikilia. Nilikaa hapo nikiwa nimekasirika hadi magoti yakaniuma. Mwishowe baba akacheka kidogo. Alikuwa akiniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Mama, unanilisha ama unanipima?"

Akautoa mkono mfukoni. Akaukamata ule ugali, akaukaza. Ndipo nikautazama mkono wa baba yangu mchana kweupe, karibu, kwa muda niliotaka. Mahali palipokatika palikuwa laini na pamekunjamana kidogo, kama fundo la kitovu. Hapakuwa na kitu cha kutisha. Hapakuwa na kitu kabisa cha kupigia watoto.

Nikachonga nikizifuata alama za vidole zilizobaki kwenye ugali. Bonde la gumba, bonde refu la kidole cha shahada, kijishimo cha kile kipande, na mahali palipokosa vidole nikaacha vizibo vinene, pawe na uvimbe wa kuegemea kiganja. Nilimaliza kwa msasa uliochakaa, polepole. Ugali wenyewe wakaula kuku.

Baba akarudi Jipe. Na fimbo haishikwi mkono ukiwa mfukoni, kwa hiyo kila aliyepita ukingoni aliuona mkono wake, na aliyetaka kucheka alicheka, na baba alikuwa ametazama maji. Alivua hivyo mpaka ugonjwa ulipomlaza. Alipokufa sikutaka shamba wala mbuzi. Niliomba fimbo tu.

Na sasa nilikuwa nimeshika mchi.

"Unajua umefanya nini?" nilimwuliza mdogo wangu. Sauti ilinitoka kubwa hata kikombe cha shangazi kikatulia hewani. "Unajua ulichosaga? Yale mabonde yalikuwa vidole vya baba! Mimi nilimpima! Hakuna mahali pengine duniani mkono wake umebaki, na wewe umeuchukua ukaufanya vumbi!"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akautazama mpini, akautazama mkono wake mwenyewe wa kulia.

"Kwani," akasema, taratibu, "alikuwa na vingapi?"

 Nikangoja nione kama anatania, lakini alikuwa anauliza. Yeye ndiye kitinda mimba wetu, mtoto mwema, ambaye hakuwahi kupigwa kofi mezani hata mara moja. Aliambiwa asitazame, akatii. Alitii mpaka tukamzika baba.

Hasira ilikuwa bado imenijaa kifuani, na sikuona tena wa kumtwisha. Nikamgeukia mama. Alikuwa ameshika birika, macho chini.

Nikaiweka fimbo mkekani. Nikakunja kidole cha mwisho, nikakunja cha pete, nikakunja cha kati hadi nusu yake, nikamnyooshea mdogo wangu mkono.

"Hivi," nikamwambia. "Tazama."

Akautazama. Kisha akaushika, akaukaza, akapapasa kwa kidole gumba pale palipokosekana vidole, na hakuuachia. Mama aliinua macho akatuona, na hakumpiga mtu.