Kamba Yangu Bwawani

Ndui ilinipofua nikiwa mtoto, na tangu hapo nimechukia kuogeshwa. Kuogeshwa ni kwa vichanga na maiti. Wanawake wa kwetu, chini ya Matogoro, walioga katika bwawa dogo la kijito, nami nilitaka kuoga humo kama wao, si kumwagiwa kibuyu nyuma ya nyumba.

Mama alinielewa. Alipigilia vijiti kuanzia njiani hadi majini, akaviunga kwa kamba ya gome la myombo. Kamba ilipoishia ndipo kina kilipoanza. Nilishuka peke yangu, nikajisugua kwa jiwe, nikawasengenya waume za watu pamoja na wenzangu. Nilikuwa na raha.

Mama alipofariki, kamba ilibaki. Kisha zikaja habari za dawa ya maji, kwamba atakayeinywa, risasi ya Mdachi itamgeukia kuwa tone la maji. Kaka yangu akainywa. Dawa ilikuwa na miiko yake, na wake wa waliokunywa wakaongeza ya kwao: waume wakiwa vitani, kisifungwe kitu. Wakafungua mizigo ya kuni, wakafumua nywele, hata mbuzi wakaachwa wazurure. Ndipo wifi yangu, mke wa kaka, alipoikumbuka kamba yangu. Akasema mimi nimeyafunga maji yenyewe.

Alikuja na wenzake, wakang'oa kila kijiti. Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Huyu aliniambia. Nikarudi kwenye kibuyu, na aliyenimwagia ni yeye, maji ya baridi. Nilimchukia hadi meno yakaniuma.

Kaka hakurudi. Wadachi walichoma maghala, njaa ikaingia nyumba kwa nyumba. Msibani, mbele ya watu, wifi alisema kamba yangu ilikuwa imekwisha kuifunga dawa kabla hawajaing'oa.

"Umemuua kaka yako," akasema.

"Kaka ameuawa na risasi," nikamjibu. "Na dawa yenu ilikuwa maji tu, wifi. Mimi nimeyaoga miaka yote, nayajua."

Waombolezaji wakasogea mbali nami. Mvua ziliporudi nilikata vijiti na kusokota kamba mwenyewe, nikavipigilia maji yakinifika kifuani, nikipapasa kina kwa mguu. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyethubutu kuving'oa. Mtu anayeweza kuua wanaume kwa kamba ya gome hachezewi.

Tangu hapo, wakinisikia nashuka, wote hutoka majini. Hukaa ukingoni na jasho lao la shamba, watoto wakilia, wifi akikohoa ili nijue kwamba yupo na anangoja. Najua. Najisugua hadi vidole vinakunjamana, kisha naanza upya kuanzia miguuni.