Niliandika kwenye CV kwamba hobby yangu ni fishing, boss akaniingiza kwenye mashindano

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimesoma stori za watu humu muda mrefu bila kuchangia, leo natoa yangu. Ni kitu kilinifanyikia mimi mwenyewe, na pale nilikosea nitasema nilikosea.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha, baada ya zile mvua za El Nino. Nilikuwa nimemaliza course ya store-keeping, nimetarmac nikitafuta kazi mpaka soli ya kiatu ikaisha, na nyumbani niko na mke na mtoto mchanga.

Kiwanda kimoja Athi River kikatangaza kazi ya store clerk. Nikaandika CV. Kufika sehemu ya hobbies nikakwama. Kila mtu alikuwa anaandika reading na football, mimi nikaandika "fishing". Nilitaka tu kuonekana tofauti.

Wakuu, mimi ni Mkamba wa Yatta. Samaki wa kwanza nilikula nikiwa na miaka ishirini na mbili, na sikummaliza.

Siku ya interview nakuta boss ni mzungu aliyezaliwa hapa hapa Kenya. Bwana Clive. Kiswahili anaongea kunishinda. Akasoma karatasi, akafika chini kabisa, akainua macho.

"Kumbe unavua? Wapi?"

"Mto Athi," nikasema. "Na babu yangu, tangu nikiwa mdogo."

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaogopa hata kuvuka huo mto.

Nikapewa contract ya miezi sita.

Sasa, Bwana Clive na wenzake walikuwa na mashindano ya kuvua kila Julai, kwenye bwawa moja ndani ya ranch upande wa Konza. Wanachagua Julai makusudi. Kwa baridi samaki hulala chini, hawataki kula, kwa hivyo anayejua kazi anajulikana. Aliniandikisha bila kuniuliza. Na contract yangu ilikuwa inaisha mwezi huo huo, tayari kuna fununu kwamba nusu yetu tutaenda nyumbani.

Nikamkimbilia Ochieng wa workshop, amekulia Homa Bay kando ya ziwa. Nikamwambia siri yangu. Alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Ndugu yangu, sisi tulivua na nyavu. Hii ya fimbo na boya hata mimi sijui."

Lakini alinisaidia. Lunch hour tulifunga kamba kwa fimbo, tukawa tunatupa ndoano kwa drum la maji nyuma ya workshop. Huo ndio ulikuwa ujuzi wangu wote.

Jumamosi ikafika. Kama hujawahi kusimama Konza asubuhi ya Julai, ujue hakuna mti, hakuna ukuta, upepo unakuja moja kwa moja mpaka kwa mifupa. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kila mtu anachota namba kwa kofia, na hiyo namba ndiyo mahali pako mpaka mwisho. Samaki ukimpata unamweka hai kwa wavu ndani ya maji, saa nane mchana wanapimwa uzito, halafu wanarudishwa bwawani. Hapo nikashangaa. Baridi yote hii, halafu samaki tunamrudisha?

Nikachota kumi na moja. Mwisho kabisa, pale ng'ombe hunywa maji. Matope na mavi. Watu wakaniambia pole.

Bwana Clive alikuwa namba kumi, hatua kama ishirini kutoka kwangu. Filimbi ikalia saa mbili. Mpango wangu ulikuwa mmoja: akifanya kitu, nafanya. Akitupa vidonge vya unga majini, natupa. Akibadilisha ndoano, nabadilisha. Akipiga chafya nilikaribia kupiga.

Masaa matatu boya langu halikutikisika. Ya wengine pia, karibu yote.

Saa tano nikasikia kengele za ng'ombe. Alikuwa Mzee Abdi, Msomali mfanyabiashara wa mifugo pale Athi River, tulijuana kwa sura. Alikuwa amenunua ng'ombe upande huo na sasa anawanywesha. Wakaingia majini miguuni pangu kabisa.

"Mzee, tafadhali! Niko kwa mashindano!"

"Ng'ombe ana kiu, kijana. Yeye hajui mashindano." Akanisogelea. "Lakini usihame. Wakitoka, tupa hapo hapo kwa matope. Mimi hunywesha hapa kila wiki, naona vile samaki huja kutafuta chakula ng'ombe wakikoroga matope."

Ng'ombe wakatoka, maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Nikatupa.

Boya likapotea.

Wakuu, nilipata samaki wanne wa aina ya ngege kwa muda mfupi, wa ukubwa wa kiganja. Halafu ndoano ikashika kitu kizito. Fimbo ikapinda, mafunzo yote ya drum yakanitoka kichwani, nikageuka nikaanza kumvuta nikitembea kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi. Akatokea kambale mrefu kama mkono. Nikamrukia na mikono miwili.

Kumbe kambale ako na mwiba kwa pezi. Uliingia kiganjani vizuri sana. Nikapiga nduru, "Mwaitu!", kuita mama kabisa, bwawa zima likasikia.

Bwana Clive aliacha fimbo yake akaja na first aid. Akanisaidia kumtia kambale kwa wavu, akaosha mkono, akaanza kuufunga. Akasema polepole, bila kuniangalia:

"Mtoto aliyekulia mtoni na babu yake hawezi kushika kambale hivyo."

Uongo mwingine nilikuwa nao tayari, kwamba kambale aliniteleza. Lakini huyu mtu alikuwa ameshika mkono wangu na damu yangu iko kwa shati yake. Nikachoka.

"Bwana Clive, sijawahi kuvua. Leo ndiyo mara ya kwanza. Babu hakuvua. Niliandika tu."

Akakata plasta na meno, akamaliza kufunga.

"Rudi kwa fimbo yako. Filimbi bado."

Hayo tu. Nilimaliza nikiwa namba mbili, watu wakapiga makofi. Nilitamani ningekuwa wa mwisho.

Jumapili nilikuwa nyumbani. Nikamweleza mke wangu, Ndinda, kila kitu. Akachukua shati yangu akaanza kuipiga pasi.

"Kesho nenda ukiwa nadhifu," akasema. "Akikufukuza, akufukuze ukiwa umepigwa pasi."

Jumatatu nikaitwa ofisini. Cheti changu cha store-keeping kilikuwa mezani.

"Kama ulidanganya juu ya samaki," Bwana Clive akasema, "nitajuaje hii ni ya kweli?"

Akainua simu akapiga chuo, mimi nimesimama hapo. Nasikia tu "yes... yes... I see." Cheti kilikuwa cha kweli, lakini wakuu, niliogopa kama ni cha kuiba.

Akaweka simu chini.

"Wanasema ulikuwa wa tatu kwa darasa. Mbona hiyo hukuandika?"

Nikamwambia nilidhani kuwa wa tatu ni aibu.

Akanirudishia cheti. "Barua ya kazi ya kudumu utapata Ijumaa. Na usinidanganye tena, hata juu ya hali ya hewa."

Nilirudi store, nikaenda nyuma ya rafu, nikakaa juu ya katoni ya bolts. Nikacheka mpaka machozi yakatoka. Ni kama mtu amenitua gunia la simiti mgongoni, na ni mimi nilikuwa nimejibebesha.

Nilichojifunza: neno moja la uongo lilininyima raha miezi sita, na wakati huo huo nilikuwa naficha kitu cha kweli ambacho kingenisaidia. Nilifanya kazi hapo miaka mingi baadaye na sikuhitaji tena kukumbuka nilisema nini kwa nani. Hiyo amani ni tamu, wakuu.

Lakini najua si kila boss ni kama yule. Kuna mwenye alikiri kosa kazini mambo yakamharibikia? Ama yakamwendea sawa? Semeni, nasoma comments zote.