Baraza Lililobeba Kamera

Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa ya udongo, lakini baraza lake marehemu baba alilijenga kwa mawe na saruji. Lilikuwa gumu kuliko nyumba yenyewe, ndiyo maana nikalichagua. Ofisi ya filamu niliyofanyia kazi ilitaka kuwaonyesha wananchi jinsi vibanda vinavyoondoka na nyumba bora zinavyochukua nafasi. Kamera ilitakiwa isimame mahali pamoja kwa miezi, ipige picha moja moja kila baada ya muda. Zikipitishwa mfululizo, mtaa mzima unabadilika kwa dakika chache. Ila kamera ikisogea hata unene wa ukucha, nyumba kwenye pazia la sinema zinayumba kama walevi.

Nikatoboa baraza kwa patasi, nikazamisha miguu mitatu ya stendi, nikaning'iniza chini yake kiroba cha mchanga ili upepo usiitikise. Kufyatua nilitumia waya, nisije nikaigusa kwa mkono. Mkuu wangu alipokuja kukagua aliridhika, akamwambia mama kwa nia njema tu, "Mama, nyumba hii haiguswi mpaka kamera iondoke."

Maneno yale yalimwingia mama vibaya, akayashika kama ahadi. Ukuta wetu nao ulikuwa umepigwa alama nyekundu ya kubomolewa, na mfa maji haachi kutapatapa. Nilimweleza kwamba kazi ikiisha kamera itaondoka.

"Basi fanya polepole," akanijibu.

Tangu siku hiyo akawa askari. Kuku aliwafungia uani, watoto wa mpira akawatimua, kinu chake akakihamishia kwa jirani ili kisitikise ardhi. Wanawake waliozoea kusuka ukili barazani kila alasiri aliwaomba wakae kwingine. "Huyu mgeni wangu hapendi kutikiswa," aliwaambia, nao wakacheka.

Kicheko hakikudumu. Mtaa uliliwa nyumba moja moja mbele ya lenzi yangu. Fundi wa vinyago aliyekaa mkabala nasi, Mmakonde, alibomolewa kibanda chake, akaambiwa asubiri kiwanja. Alisubiri chini ya mabati mawili, yeye na mkewe na magogo yake ya mpingo, mvua za masika zikamkuta hapo hapo, kifua kikambana, akafa.

Nyumba ya kuweka msiba haikuwepo. Kwetu baraza halinyimwi wafiwa, hata wakiwa adui zako. Majirani wakaja kwetu na mikeka begani, mjane mbele. Mama akasimama kwenye ukingo wa baraza, mikono kaitandaza.

"Msipande. Kamera ya serikali hiyo."

"Dada, sie tuna maiti," mjane akasema.

"Nimesikia. Pole sana. Kaeni hapo chini."

Walikaa chini, juani, juu ya vifusi. Mama akachemsha chai akawapelekea, hakuna aliyeigusa. Mimi nilikuwa nimesimama na waya wangu mkononi, nina hasira. Nilitaka kuing'oa ile stendi. Mama akanitazama, nikajua nikiing'oa namng'olea nyumba yake.

Nyumba mpya ya mwisho ilipoezekwa nikaenda kuchukua kamera. Mama hakunizuia, aliomba tu nimwachie kile kiroba cha mchanga. Kesho yake katapila likaja. Akahamia kwangu Mwananyamala, chumba kimoja, na vyombo vyake tulivibeba wawili tu.

Filamu ilionyeshwa uwanjani kwa gari la sinema, na mama akataka kwenda. Alivaa khanga mpya, akaketi mbele kabisa, mimi tu pembeni yake. Waliokuwa majirani zake walikaa mbali. Picha ilitulia tuli, haikutikisika hata kidogo. Mwanzoni kilionekana kibanda cha fundi wa vinyago, na yeye mwenyewe mlangoni, mara moja tu, kisha akatoweka. Nyuma yetu mjane akalia kwa sauti. Kuta zikapanda, mabati yakang'aa, watu wakapiga makofi. Mama alikuwa kanyoosha shingo, anatafuta.

Ilipokwisha akaniuliza, "Yetu iko wapi?"

Nikamwambia haimo. Kamera ilisimama kwetu, ikatazama mbele.

"Hata baraza?"

"Hata baraza, mama."

Akageuka kumtazama mjane, aliyekuwa bado anafuta machozi katikati ya wenzake.

"Mwenzangu kamwona mumewe," alisema, akajifunga khanga yake vizuri, akatangulia kuondoka.